Nigawie Mmoja

Mama wa mapacha akipita Itigi kuna utani mmoja hawezi kuukwepa, hata akizungukia nyuma ya maghala ya stesheni. Muuza mihogo atamtania, fundi baiskeli atamtania, na Jumapili baada ya misa hata katekista, mtu mzima na koti lake, atamsimamisha mlangoni amwambie yale yale: "Nigawie mmoja." Jibu lake nalo linajulikana. Unasema, "Chukua." Aliyeomba anacheka, aliyeombwa anacheka, kila mtu anashika njia yake, na wewe unaondoka na wote wawili kama ulivyokuja.

Yasinta, mke wa Urbano mrina asali, alijifungua Kulwa na Doto mwezi wa tatu mwaka wa tisini na tatu. Wasichana wawili, sura moja, sauti moja, tofauti yao kidoti kimoja cheusi nyuma ya sikio la Doto, nacho ukitaka kukiona lazima ukunje sikio. Miezi ya kwanza alilijibu neno lile kwa kuringa, maana si kila mwanamke anapewa wawili kwa mara moja. Baadaye akalijibu kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia hodi. Kisha ukafika wakati alijibu "chukua" halafu akakaa kidogo, akimtazama mtu mikononi, aone kama atainyoosha kweli. Hilo hakumwambia mtu, na angemwambia nani?

Watu husema mapacha ni baraka, na hawakosei. Ila ukiwatazama vizuri wanaosema, wengi wao wana mikono mitupu. Yasinta alikuwa hajakaa chini kula chakula cha moto tangu Pasaka. Kulwa akilala Doto anaamka, Doto akilala Kulwa anamwamsha, na wakilala wote kwa pamoja inabidi mama yao achague: afue nepi, achote maji, au aende chooni. Mara nyingi alikuwa bado anachagua pale mmoja anapoanza tena. Nywele alizosukwa na jirani yake Jenifa wiki moja kabla ya kujifungua zilikaa kichwani mpaka zikafumuka zenyewe. Akienda bombani, Kulwa mgongoni, Doto kifuani, ndoo kichwani, watoto wa shule walisimama kumhesabu: mmoja, wawili, watatu na ndoo wanne.

Urbano alikuwa mume mwema, tatizo lake hakuwepo. Zamani asali ilikwenda ushirika kwa bei moja, na mrina alitundika mizinga yake kwenye vichaka vya karibu, jioni yuko nyumbani. Ilipokuja ruksa ya kila mtu kufanya biashara, wakaja wafanyabiashara na pikapu kutoka Dodoma na Arusha, wananunua hapo hapo kwa fedha mkononi, na kila mwenye shoka akawa mrina. Vichaka vya karibu vikajaa mizinga ya watu wasiojua hata mwiba wa nyuki uko wapi. Urbano akasogea mbali, akasogea tena, mpaka akafika Rungwa. Anaondoka na baiskeli, anakaa mwezi au zaidi, anarudi na madumu ya asali na ndevu. Watoto wakiona zile ndevu wanalia siku mbili. Siku ya tatu wanamzoea, ya nne anaondoka.

Asali aliyoleta, sehemu ilikwenda kwa wenye pikapu, sehemu Yasinta aliiuza stesheni kwa abiria. Ruksa ilileta vitu vingi na hilo lazima lisemwe. Dukani kwa mzee Isaka palikuwa na sabuni za rangi tatu, na juu kabisa ya rafu makopo ya maziwa ya watoto yamepangwa, yana picha ya mtoto mnene anacheka. Miaka ya nyuma makopo yale hayakuwepo hata ungekuwa na fedha. Sasa yalikuwepo, na Yasinta kila akipita alikuwa anayatazama, akimwonea wivu yule mama wa kwenye picha ambaye hata hakuchorwa, lakini mtoto wake alionekana kuwa mmoja.

Msaada wake ulikuwa mama mkwe, Bibi Damari, aliyekaa nyumba ya pili. Mwanamke mkavu, mwenye mikono migumu na maneno machache, na katika hayo machache moja alilirudia kila siku: "Ukimfanyia huyu, umfanyie na yule." Hakuwa anatania. Doto alipochomwa sindano ya malaria, Bibi alimrudisha Kulwa zahanati, mzima kabisa, akamwomba nesi amsugue kwa pamba ya spiriti mahali pale pale na amfinye kidogo. Nesi alicheka mpaka akashika meza. Bibi alimsubiri amalize kucheka, kisha akamwambia, "Haya, mfinye."

Kwa sheria hiyo Kulwa alinyonya titi la kulia na Doto la kushoto, wasije wakagombea. Aliyebebwa mgongoni leo alibebwa kifuani kesho. Na kwa kuwa kwenye mitumba huwezi kupata magauni mawili ya kitoto yanayofanana, Yasinta alinunua gauni moja la mtu mzima, la njano lenye maua ya bluu, akalikata katikati akashona mawili. Mtu akiuliza sababu ya yote hayo, Bibi alisema, "Anayeachwa ananuna. Na pacha akinuna anaondoka."

Yasinta alitamani mara nyingi kumwambia basi, mama, inatosha, mimi ni mtu mmoja. Hakuthubutu. Urbano naye alizaliwa na mwenzake. Yule mwenzake alikufa na miezi minane. Hayo aliambiwa na Jenifa, tena kwa kunong'onezwa, na Jenifa mwenyewe hakujua zaidi. Nyumbani kwao mtoto yule hakutajwa, wala hakuna aliyejua aliitwa nani.

Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, mvua za kwanza zimenyesha, Urbano yuko Rungwa wiki ya tano. Bibi Damari akaenda Sanjaranda kupanda shamba lake. Angekaa siku tatu. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni na jembe begani.

"Mama Kulwa, stesheni usiende mpaka nirudi."

"Sawa, mama."

"Hao wawili peke yako hutaweza."

"Nimesikia, mama."

Alisikia kweli, siku ya kwanza. Siku ya pili unga uliisha. Akatazama dumu la lita tano la asali lililobaki, akawatazama watoto, akasikia kwa mbali watu wakisema treni ya kutoka Dar imechelewa lakini inakuja. Akamfunga Kulwa mgongoni, akamfunga Doto kifuani kwa khanga ya pili, akabeba dumu mkononi. Njiani alipumzika mara nne.

Treni ya abiria kwa kawaida ilisimama Itigi muda wa kutosha, watu wakashuka, wakanywa chai, wakagombana na wauza kuku, wakapanda. Siku hiyo ilikuwa imechelewa saa tano na dereva alitaka kufidia. Wauzaji hawakuambiwa. Jenifa alikuwa keshafika na sinia lake la mayai ya kuchemsha, anakimbia dirisha hadi dirisha. Mwanaume mmoja wa daraja la tatu akatoa kichwa, akamwona Yasinta.

"Asali hiyo? Ya nyuki au ya sukari?"

"Ya nyuki, kaka. Ya Rungwa."

"Lete hapa niionje."

Madirisha ya behewa yako juu. Kunyanyua dumu la lita tano mpaka pale kunataka mikono yote miwili na kifua kisicho na mtu. Yasinta alijaribu kwa mkono mmoja, Doto akapiga kelele kwa kubanwa, dumu likarudi chini. Dirisha la pembeni alikaa mwanamke mnene, amejifunga kitenge cha kijani, amekuwa akiwatazama muda wote huku anatabasamu.

"Mama mapacha," akasema, "nigawie mmoja."

"Chukua," Yasinta akasema.

Akafungua fundo la khanga, akamnyanyua Doto, mwanamke akainama akampokea kwapani kwa mikono miwili kama mtu aliyezoea. Hapo, na hili ndilo lililokuja kumtesa baadaye kuliko yote, Yasinta alipumua. Pumzi ilishuka mpaka chini tumboni. Kifua kilikuwa chepesi, upepo ukapita kwenye gauni lililolowa jasho, na akajisikia vizuri, vizuri hasa, kama mtu aliyevua viatu vinavyombana. Akanyanyua dumu kwa mikono miwili. Yule mwanaume akafungua kifuniko, akachovya kidole, akaonja, akampa mwenzake aonje, mwenzake akasema inaonekana kama ina maji, wakaanza kubishana.

Honi ikalia mara moja na mabehewa yakagongana.

Mwanzo Yasinta alidhani inavuta kidogo tu, kama inavyofanya siku nyingine. Mwanaume akamrudishia dumu, likamponyoka, likapasuka kwenye kokoto. Akageuka kwenye dirisha la kitenge cha kijani, na lile dirisha tayari liko hatua tatu mbele. Akakimbia. Yule mwanamke alikuwa amesimama, Doto amemkumbatia, mdomo unafunguka na kufungika lakini maneno yanamezwa na magurudumu. Jenifa akatupa sinia akakimbia naye. Mtu mmoja kwenye jukwaa akapiga kelele, "Mtupe! Mtupe tumdake!" Mwingine akajibu kwa nguvu zaidi, "Wewe una wazimu? Usimtupe!" Ndani ya behewa watu walikuwa wanatafuta mnyororo wa kusimamishia treni, mikono inaonekana inapapasa juu, na mnyororo haukuwepo au haukuvutika.

Jukwaa likaisha. Yasinta akaendelea kwenye kokoto, miguu pekupeku, mpaka kwenye nguzo ya mwisho ya ishara. Mgongoni Kulwa alikuwa anarushwa juu na chini, naye anacheka kwa sauti. Alidhani ni mchezo.

Stesheni masta, mzee Laurenti, alikuwa mtu wa taratibu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alimkalisha Yasinta kwenye kiti chake mwenyewe, akazungusha mkono wa simu. Akasikiliza. Akazungusha tena. Mvua ya usiku uliopita ilikuwa imeangusha nguzo za waya, na stesheni ya mbele haikuitika. Akajaribu ya pili mbele yake, kimya. Kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli, kilikuwa kimekwenda upande wa pili, kule Manyoni, na kingerudi wakijaliwa.

"Tutaendelea kupiga," akasema. "Sasa nipe maelezo niandike, waya ikipona nisipoteze muda. Mtoto amevaa nini?"

"Gauni la njano lenye maua ya bluu."

Mzee Laurenti akamtazama Kulwa, akalitazama gauni la njano lenye maua ya bluu, akaandika. "Jina?"

Yasinta akafungua mdomo. Jina halikuja. Nyumbani aliwafunga haraka kwenye giza la ndani, zamu ya nani kifuani hakukumbuka, na kule dirishani alimtoa mtoto bila kumtazama usoni. Ikabidi amshushe aliyekuwa mgongoni, amlaze mapajani mbele ya mzee wa watu, akunje sikio atazame. Hapakuwa na kidoti.

"Doto," akasema. "Aliyekwenda ni Doto."

Jenifa mlangoni akaanza kulia. Mzee Laurenti akaandika jina.

"Huyo mama alikunyang'anya, au ulimpa?"

"Nilimpa."

"Ulimwambia nini?"

Yasinta aliutazama ukuta. Palikuwa na ratiba ya treni imebandikwa, imefifia kwa jua. "Aliniambia nimgawie mmoja," akasema. "Nikamwambia chukua."

Mzee Laurenti hakuandika. Aliweka kalamu chini, akakohoa. "Ni utani, mama. Kila mtu anasema hivyo. Hata mimi nilikwambia juzi."

"Ndiyo, mzee."

"Na yeye anajua ni utani."

"Ndiyo," Yasinta akasema tena. Ila yeye ndiye aliyejua jinsi pumzi ile ilivyoshuka. Je, kama ilionekana usoni? Kama yule mwanamke kutoka pale juu dirishani alimwona anavyopata raha, akasema moyoni huyu kweli anampa? Wako wanawake wanaozunguka na treni hiyo miaka mitano, wanakwenda kwa waganga na kwa maombezi, wanatafuta mtoto mmoja tu. Kigoma ni mbali, na baada ya Kigoma kuna ziwa.

Alitaka kutembea. Mzee Laurenti akamwambia ni zaidi ya kilometa thelathini, katikati ya vichaka ambavyo tembo hupita humo wanavyotaka, na giza litamkuta hajafika hata nusu. "Na huyu utamfanyaje?" Yasinta akamtazama huyu. Basi akakaa. Hakukuwa na kitu cha kufanya, na hilo lilikuwa jambo geni kwake, maana kwa miezi tisa hakuwahi kukosa cha kufanya. Akakaa kwenye benchi la jukwaani, Kulwa anamnyonya titi la kulia. La kushoto lilipofika saa yake likajaa, likaanza kuvuja lenyewe, gauni likalowa upande mmoja. Kulwa akageuza kichwa akalitafuta, Yasinta akamrudisha. Hakutaka kumpa. Aliona akimpa atakuwa amekubali.

Jenifa alileta ugali, akaurudisha. Alileta blanketi. Watu walikuja, wakasema pole, wakaondoka. Mmoja, kwa kukosa la kusema, alisema angalau amebaki na mmoja, na Jenifa alimfukuza kwa khanga. Jua likazama. Yasinta akaapa moyoni kwamba hatafumba jicho mpaka Doto arudi, na aliapa kwa jina la Mungu na majina ya watoto wote wawili.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa limepanda mpaka kwenye paa la ghala.

Alilala kama jiwe. Alilala usiku mzima bila hata kugeuka, kitu ambacho hakijamtokea tangu ajifungue. Kulwa naye alilala, kwa kuwa hapakuwa na mwenzake wa kumwamsha. Shingo ilikuwa laini, kichwa chepesi, mwili umepona uchovu ambao alikuwa amesahau kuwa ni uchovu. Titi la kushoto ndilo lililomwamsha, limekuwa gumu kama ubao. Kwa muda mfupi hakukumbuka yuko wapi na alijisikia vizuri. Kisha akakumbuka. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani mwake, akatazama huku na huku kujua nani amemwona. Mfagiaji wa jukwaa alikuwa amefagia mpaka kwenye miguu yake, akaiacha, akaendelea upande wa pili. Basi amemwona.

Saa nne ikaingia treni ya mizigo kutoka Tabora. Gadi alishuka kwenye behewa la nyuma kabla haijasimama sawasawa, kijana mrefu, amebeba furushi la kijani kwa kuliogopa, kama anabeba mayai. Jenifa akapiga kigelegele. Yasinta alinyoosha mikono, akaletewa Doto pale pale kwenye benchi. Akakunja sikio. Kidoti kilikuwepo. Doto akalikamata titi la kushoto kwa hasira, akamwuma, akanyonya kwa kelele huku anamtazama mama yake kwa jicho moja.

"Yule mama alishuka naye stesheni ya mbele," gadi akasema. "Mizigo yake ameiacha iende Kigoma na jirani yake wa kiti. Alisema akimwacha mtoto kwa watu tu, watachanganya maneno, mama mwenyewe wa mtoto asipatikane. Amekaa naye pale stesheni mpaka mimi nilipopita. Sasa anasubiri treni ya keshokutwa."

"Anaitwa nani?" Jenifa akauliza.

"Sikumwuliza. Amechoka sana. Mtoto alikuwa analia, anatembea naye tu, huku na huku. Wale wa stesheni wanasema yule mama hajafumba jicho tangu jana."

Yasinta aliinama juu ya Doto. Aliwashukuru watu wote, mmoja mmoja, gadi, mzee Laurenti, Jenifa, hata mfagiaji. Kitenge cha kijani kilikuwa kipya, kina harufu ya manukato ya mtu mwingine.

Bibi Damari alirudi siku iliyofuata, na kabla hajashusha jembe Jenifa alikuwa ameshamkuta njiani na kumsimulia. Yasinta alimsikia anavyokuja, hatua zile zile, akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alisubiri kugombezwa. Alikuwa amejiandaa, na ukweli ni kwamba alikuwa anautamani ule ugomvi. Bibi hakugomba. Alikaa mkekani, akawapakata wote wawili, huyu goti hili na yule goti lile, akawatazama muda mrefu. Akakunja masikio. Kisha akaomba kisu, akakikata kile kitenge kizuri vipande viwili sawasawa, kimoja akamfunga Doto, cha pili akamfunga Kulwa.

"Treni inapita lini?"

"Kesho, mama."

"Kesho Kulwa naye atapita dirishani."

Yasinta alidhani hakusikia vizuri. Alisikia vizuri.

Wakaenda. Ningependa kusema Yasinta alikataa, kwamba siku hiyo alisimama akasema hapana. Hakusema. Treni ya kutoka Dar ilikuja na ilikuwa kwenye wakati wake. Bibi Damari alichagua behewa, akamkabidhi Jenifa Doto, akaenda akashika chuma cha mlango wa behewa kwa mkono wake mmoja, miguu ameikita kwenye jukwaa, kana kwamba treni ikitaka kuondoka yeye ataizuia. Dirishani alikaa mzee wa kofia ya kufuma. Akawaona mapacha, akafurahi, na akasema kile ambacho lazima kisemwe.

"Nigawie mmoja, mama mapacha."

Bibi akajibu kwa niaba yake. "Mshike kidogo, baba. Utamrudisha sasa hivi."

Mzee akanyoosha mikono. Yasinta akamnyanyua Kulwa mpaka juu, mikono ya mzee ikamshika kwapani, na mikono ya Yasinta ikabaki imeshika kiuno. Haikufunguka. Mzee akavuta kidogo, akacheka, akaacha kucheka.

"Mwachie," Bibi akasema.

"Siwezi, mama."

"Mwachie, mwanangu. Nimeishika."

Kichwa cha treni kilikuwa mbali kule mbele, kinapumua moshi, na mwanamke mmoja kizee ameishika. Yasinta akafungua vidole. Kulwa akaingia dirishani, akakaa kwenye mapaja ya mzee, akaikamata ile kofia. Na pumzi ikaja. Yasinta alikuwa ameomba isije. Ilikuja vile vile, ikashuka mpaka tumboni, kifua kikawa chepesi, upepo ukapita. Siku tatu alikuwa anajidanganya kwamba ile ya kwanza ilikuwa ni joto.

"Inatosha," Bibi akasema, na mzee akamtoa Kulwa nje, na Yasinta akampokea.

Walirudi kwa njia ya nyuma ya maghala. Bibi alimbeba Doto, Yasinta Kulwa, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mtoto mmoja walitembea haraka. Walipopita bomba Bibi akaongea bila kugeuka.

"Usiku ule Doto hayupo. Ulilala?"

Yasinta akasimama. "Nani amekwambia, mama?"

"Hakuna mtu aliyeniambia."

Wakatembea tena. Palikuwa na matope na ilibidi kuchagua pa kukanyaga.

"Nililala," Yasinta akasema. "Nililala mpaka asubuhi. Niliapa nisilale, mama, nikalala, mtoto sijui yuko wapi, nikalala kama mtu aliyeshiba." Machozi yakamshuka na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Bibi Damari alimhamisha Doto kutoka bega hili kwenda lile.

"Mwenzake Urbano alilia siku tano," akasema. "Urbano nilimpa dawa, ikaisha, yule nikasema atapata kesho. Alilia mchana na usiku. Siku ya sita, jioni, akanyamaza. Nikasema ahsante Mungu, leo nitalala. Nikalala."

Akaruka dimbwi, akasubiri Yasinta naye aruke.

"Alikuwa anaitwa Manase," akasema.

Walipofika nyumbani Yasinta alitandika mkeka uani. Wakainama pamoja, wakawaweka chini wote wawili kwa wakati mmoja.